Mwenye Mpira Haondoki

Wageni walikuwa wamekwisha kuvaa kofia za plastiki na kupangwa nje ya mstari wa njano, fundi wa sumaku alipotoa mpira mfukoni mwa koti lake jeupe. Ulikuwa mpira wa kuchezea, ukubwa wa chungwa, uliosokotwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kipande juu ya kipande. Mama yake ndiye aliyemsokotea, alipokuwa mtoto asiyejua hata kufunga kamba za viatu. Siku za wageni aliutumia kueleza kazi ya taasisi, kwa sababu mkurugenzi akieleza mwenyewe wageni walikuwa wanasinzia.

"Jua linawaka kwa sababu viini vya gesi vinabanwa mpaka vinaungana," alisema. "Sisi tunataka kufanya hivyo hivyo ndani ya tanuri hili. Shida si kuwasha moto, shida ni kuushika. Hakuna chungu cha kuutia moto wa namna hiyo, kwa hiyo tunaufunga kwa sumaku, kama mama alivyofunga mpira huu. Tabu yake ni kwamba ukiubana huku, unatokea kule."

Akauminya mpira, ukatokeza upande wa pili, wageni wakacheka. Nyuma yake tanuri, bomba kubwa la chuma lililojikunja likashika mkia wake, likawashwa. Kwa kawaida moto ule ulidumu kufumba na kufumbua, ukagusa ukuta, ukafa. Safari hii ulitoka kupitia kidirisha cha kioo, ukapita juu ya bega la fundi, ukaingia kwenye mpira na kutulia katikati ya vile vipande. Mpira ukapata joto la yai lililotagwa sasa hivi. Mgeni mmoja akauliza choo kiko upande gani.

Wakati wa chakula cha mchana fundi aliuvuka mstari wa njano kuelekea mlangoni, akajikuta anaingia ndani ya duara kwa upande wa ukutani. Mstari ule ulichorwa kulizunguka tanuri kwa ajili ya usalama, na hakuna aliyewahi kuulalamikia. Alijaribu kwa hatua ndefu. Alijaribu kinyumenyume. Aliuweka mpira sakafuni aondoke bila huo, mpira ukadunda mara moja ukarudi kiganjani. Hapo akakumbuka.

Utotoni walikuwa wakicheza hivi: mwenye mpira anakaa ndani ya duara, anaita jina la mtu na kurusha, na aliyeitwa, akilisikia jina lake, mikono yake inanyanyuka yenyewe. Akidaka, anaingia yeye, wa kwanza anatoka. Mwenye mpira haondoki mpaka apokelewe. Jioni moja mpira ulikuwa kwake, watoto wengine wakaitwa kuoga mmoja mmoja, na dada yake mkubwa akakimbilia ndani kula bila kuaga. Akabaki peke yake katikati ya duara, analia, hana wa kumwita. Mama yake alitoka na mikono yenye povu la sabuni, akainama, akamnong'oneza jina lake halisi, ambalo mtoto hakuwahi kulisikia, kwani kwake mama alikuwa mama. Mtoto akaliita. Mama akadaka, akautia mpira mfukoni mwa aproni na kusema, "Haya, kumekuchwa, nenda kanawe."

Fundi wa sumaku alikuwa mtu wa haki, na kosa lake lilikuwa kosa la mtu msomi: alieleza kabla ya kujaribu. Alasiri hiyo aliwaita wafanyakazi wote wakasimama nje ya mstari, akawafafanulia mchezo kanuni kwa kanuni. Akasema haoni vizuri kumrushia mtu kwa kumshtukiza. Akapendekeza zamu, kila mtu wiki moja moja.

"Wazo zuri sana," mkurugenzi alisema. "Tutaanza kesho."

Kesho yake mbele ya ofisi ya msajili wa majina kulikuwa na foleni ya wafanyakazi waliokuja kufuta majina yao, foleni iliyokunja kona. Mkurugenzi alikuwa wa kwanza, alifika na kiti chake.

Rafiki wa fundi wa miaka yote, mpima joto, aliyekuwa akikaa naye meza moja na kugawana naye chai, alirudi kazini mchana akakaa kwenye kompyuta. Fundi alimwita kwa jina lake. Yule aliendelea kuandika. Akamwita tena.

"Huyo hayupo siku hizi," mpima joto alisema bila kugeuka. Sauti yake ilitetemeka kidogo, lakini vidole havikusimama.

Tangu siku hiyo watu wote wa taasisi waliitana kwa kazi zao. Vitambulisho vilining'inizwa upande wa mgongo. Mhasibu alipooa, kadi za mwaliko zilisema kwamba mhasibu anamuoa mwalimu, wote mnakaribishwa. Hata hadithi hii haina jina la mtu, maana ukumbi ule una mwangwi na hatujui nani anasikiliza. Jedwali la zamu lilibandikwa ukutani kama lilivyoahidiwa, limepigwa mistari kwa rula: wiki hii, fundi wa sumaku, wiki ijayo, mtu mwingine. Wiki ijayo haikuisha kuja.

Tusiwaonee, faida ilikuwepo. Mafundi wa umeme walibana nyaya mbili kwenye mpira, na taa zikawaka jengo zima, kisha mtaa, kisha hospitali ambayo wauguzi wake walikuwa wakizalisha akina mama kwa mwanga wa simu. Wauguzi walituma maua. Mkurugenzi alipewa nishani, akaja kumwonyesha fundi, akiisogeza mpaka karibu kabisa na mstari.

"Hii ni yako pia," alisema, akairudisha mfukoni.

Dada mkubwa wa fundi alikuja siku ya mapumziko, amependeza, masikio yote mawili yamezibwa pamba. Alikaa kwenye kiti cha kukunja na kusimulia habari za nyumbani kwa sauti ya juu, kama wanavyosema watu wasiojisikia. Akasema shemeji anamsalimu, akasema bei ya saruji haishikiki, akasema damu ni nzito kuliko maji. Fundi alifungua mdomo, na dada akasimama kabla hajasema lolote, akambusu kwa mbali na kutoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sehemu ya usufi huo dada alikuwa ameitia masikioni.

Fundi alilia mpaka koti likalowa. Kisha, saa sita mchana, watu wakiwa wamekwenda kula, aliliita jina la mama yake. Mama alikuwa amekwisha kufa. Hata hivyo alikuja, na ile ile aproni, mikono ina povu. Aliinyanyua, mpira ukarushwa, ukapita katikati ya viganja vyake kama unavyopita dirisha lililo wazi, ukagonga tanuri na kurudi.

"Nisamehe mwanangu," mama alisema. "Siku hizi sishiki kitu."

"Si kosa lako, mama."

"Unakula lakini?"

"Nakula."

Mama alikaa naye mpaka waliporudi wa kwanza kutoka kantini. Mpima joto alimsalimia shikamoo, akampisha njia.

Likabaki jina moja. Lilikuwa la binti yake, aliyekuwa darasa la tatu na aliyekuja kila siku akitoka shule, mkoba mgongoni, magoti yana vumbi. Jina lile fundi alilichagua mwenyewe asubuhi aliyomzaa, baada ya kukataa majina ya pande zote mbili za ukoo na kununiwa na wote. Alikuwa akilipenda kuliko majina yote. Siku ile ile foleni ilipokunja kona kwa msajili, aliacha kulitamka.

Mtoto alistahimili kwa muda, kisha akauliza.

"Mama, mbona siku hizi huniiti?"

"Si nakuita mwanangu?"

"Mwanangu ni mtu yeyote. Hata mlinzi ananiita mwanangu."

Fundi akasema koo linamuuma. Mtoto aliutazama mpira, mwanga wake ukichungulia kati ya vipande vyeusi vya tyubu. Akauvua mkoba, akaulaza chini. Akasimama na vidole vya viatu vikigusa mstari wa njano, akanyoosha mikono mbele, viganja juu, kama alivyofundishwa na bibi yake zamani.

"Mimi najua kudaka," alisema. "Niite, wewe uende ukalale nyumbani. Nitakaa mpaka urudi."

"Nikirudi itakuwaje?"

"Nitakuita. Jina lako nalijua."

Nyuma ya kioo mkurugenzi alikuwa amesimama na kikombe chake. Aliingia polepole, akamshika mtoto bega na kumsifu kwa moyo wake mwema. Kisha akamwambia fundi, kwa upole wa mtu anayefikiria mbali, kwamba wewe umechoka, mikono inaanza kutetemeka, wote tunaona. Mtoto angekaa saa moja tu. Wangemletea vitabu.

"Na bado ana miaka mingi mbele," alisema.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Fundi wa sumaku aliukumbatia mpira kwa mikono yote miwili, akauma meno, na taa za hospitali hazikucheza hata kidogo.

Asubuhi iliyofuata vibarua walileta kitanda kidogo, chenye shuka la maua, wakakiweka pembeni mwa mstari kwa upande wa nje. Mkurugenzi alisema ni kwa ajili ya mgeni akichoka. Hakuna aliyeuliza mgeni gani.

Mtoto anakuja bado. Amerefuka, amebadilisha mkoba. Kila akifika, kabla ya kusema lolote, anasimama kwenye mstari na kunyoosha mikono. Fundi anamtazama. Jina linapanda, linafika kwenye ulimi, linakaa hapo na uzito wake wote, na jengo zima linanyamaza kulisubiri. Analimeza. Anamuuliza kama amekula.