Lanzhi Akatazwa Kusema

Nesi Cherotich alimfikisha Apolonia kwenye nyumba ya kupanga huko Pearland, Texas, alikokwenda kumtunza mgonjwa, akamrudia maagizo kabla hajazima gari.

"Mama Thierry, huyu asiongee. Asinong'one pia, kunong'ona ndio mbaya zaidi. Amefanyiwa operesheni kwenye nyuzi za sauti. Akitoa hata neno moja kabla ya Alhamisi, kazi ya daktari inaweza kuharibika, na uimbaji wake uishie hapo."

"Sasa mimi nitajuaje anataka nini?"

"Ako na simu. Anaandika Kichina, inatoka Kiswahili. Kiswahili cha ajabu ajabu, lakini utaelewa."

"Kama chako, basi," Apolonia akasema. Yule nesi Mkenya akacheka mpaka akabonyeza honi bila kukusudia.

Apolonia alikuwa mjane wa Kirundi aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na wagonjwa alishawazoea. Huyu alikuwa wa namna nyingine. Kwao Uchina, Pei Lanzhi asingeweza kununua hata vitunguu bila kuzungukwa na watu. Hapa Texas hakuna aliyegeuza shingo. Lanzhi alimsimulia Apolonia kwa simu yake: baba fundi wa mitambo, mama mshonaji. Akiwa mdogo walimpandisha juu ya meza awaimbie wafanyakazi wa kiwanda, na wimbo aliouimba alikuwa amefundishwa na mama yake. Baadaye akashinda shindano la televisheni, akatoa albamu, akaingia kwenye sinema. Humo kwenye sinema alikuwa akifa karibu kila mara.

"Mbona wanakuua hivyo?" Apolonia akauliza.

"Shangazi, nalia vizuri," simu ikaandika. Hilo la Shangazi lilitoka kwa simu, na Apolonia akaona linafaa.

Rozari, ambayo nyumbani aliisali kwa sauti, huku aliisali kimoyomoyo, maana siku ya kwanza alimwona Lanzhi akianza kuchezesha midomo kumfuata.

Jumapili mama yake Lanzhi akapiga simu ya video. Alikuwa anatimiza miaka sabini. Hakuambiwa habari ya operesheni, kwa sababu moyo wake ulikuwa dhaifu. Kila siku yake ya kuzaliwa, binti yake popote alipo humwimbia ule wimbo wa kiwandani. Safari hii Lanzhi alikuwa amemtumia video ya zamani, lakini bibi huyo hakudanganyika.

Bibi alisema jambo, akasubiri. Akasema tena, uso umeanza kubadilika. Lanzhi akamtazama, akavuta pumzi. Apolonia aliijua pumzi ile. Wanakwaya wa parokia huivuta hivyo hivyo kabla ya kiitikio.

"Hapana, mwanangu!"

Akamziba mdomo kwa kiganja, akaingiza uso wake mbele ya simu, na kwa kuwa Kichina hakijui, akapiga vigelegele. Vile vya harusini hasa, vya kumpokea bibi arusi.

Kule Uchina bibi akaruka, simu ikaonyesha dari tupu. Yesu wangu, Apolonia akawaza, nimemuua mama wa watu! Kisha uso ukarudi, unacheka machozi yakitoka. Bibi akauliza kitu. Lanzhi, mdomo bado umezibwa, akagusa koo lake, akaandika maneno machache, akayatuma.

Bibi akavaa miwani, akasoma. Cheko likakoma. Alishika ukingo wa meza, na Apolonia akamwangalia kifua, kama kinapanda na kushuka. Kilipanda, kikashuka. Halafu bibi akaweka kidole midomoni, kwa ukali wa mwalimu wa darasa la pili, akamtazama binti yake mpaka binti akaitikia kwa kichwa. Ndipo akauimba ule wimbo mwenyewe, sauti ikikatikakatika. Lanzhi alilia bila kutoa mlio. Apolonia hakuondoa kiganja mpaka wimbo ulipokwisha.

Alhamisi, hospitalini, daktari akamruhusu atoe "aaa" moja tu. Ilitoka nzito, yenye mikwaruzo, lakini ilikuwa sauti. Daktari akasema nyuzi zinapona vizuri; nyimbo za sauti ya chini ataziimba, za juu wataziangalia baada ya miezi kadhaa.

Lanzhi akafungua mdomo ajaribu tena.

"Eh! Umeambiwa moja," Apolonia akasema. "Funga."

Akafunga.