Pikapu Iliyopinduliwa Ekseli

Kinyozi aliapa mbele ya mkewe, mbele ya mdogo wake, na mbele ya wateja waliokaa kwenye benchi wakisubiri zamu ya kunyolewa, kwamba pikapu aliyoachiwa na marehemu baba yake ingetembea. Hakusema itatembea kuelekea wapi.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Miche kwa sababu ya kitalu chake, hakuwa na ugomvi na kiapo. Ugomvi wake ulikuwa na Jumamosi. Mwenye kiwanja alichopanga alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno: Jumamosi jioni trekta linaingia kusawazisha ardhi, na chochote kitakachokutwa kimesimama kitalazwa. Kiwanja kingine alishapata, mwisho wa kichochoro kirefu upande wa pili wa mtaa. Kilichobaki ni kuihamisha miche: miembe, michungwa na miparachichi aliyoiunganisha mmoja mmoja kwa wembe na utepe, miaka aliyokuwa akiambiwa anacheza na udongo.

Gari la kukodi alikuwa amelipata. Kinyozi akalifukuza mlangoni.

"Gari la watu liingie hapa, na langu lipo uani? Watu watanionaje?"

"Watakuona kinyozi," mkewe alimjibu.

Lakini gari lilikuwa limeshakwenda zake na kupata kazi kwingine. Ikabaki pikapu, kiapo na mafundi wawili: mmoja bingwa wa vichwa vya watu, na mdogo wake, mchomeleaji, bingwa wa mageti. Kwa wataalamu wa namna hiyo, nani angekuwa na wasiwasi?

Injini ya zamani, ya petroli, ilikuwa imekufa siku nyingi, na panya walikuwa wamezaana kwenye chujio lake la hewa. Mpya, kama neno hilo halijatukanwa vya kutosha, ilikuwa ya dizeli, kutoka kwenye gari la mikate lililopinduka. Mikono ya kuishikilia haikulingana na fremu, kwa hiyo mdogo wake, shemeji wa Mama Miche, akachomelea mingine na kuipamba kwa maua ya chuma, yale yale anayoweka kwenye mageti ya wenye nazo. Boneti ikagoma kufunga. Wakaikata tundu, na kinyozi akatangaza kwamba hilo ni tundu la kupumulia. Yeye mwenyewe alishika msasa na rangi. Mistari ya pembeni aliichora kwa ustadi wa mtu anayechonga ndevu za bwana harusi, na lazima isemwe kweli: ikiwa imesimama tu, pikapu ile ilikuwa nzuri kuliko zote mtaani.

Ikabaki ekseli ya nyuma.

"Viti vya kukalia springi vimeoza," shemeji alisema akiwa amelala chini ya gari, miguu tu nje. "Juu kote kutu. Chini ni safi kama sahani."

"Sasa?" kinyozi akauliza.

"Naipindua. Cha chini kinakuja juu, nachomelea viti vipya upande msafi."

"Na hiyo inaruhusiwa?" Mama Miche aliuliza.

"Shemeji yangu, nimechomelea mageti tangu sijaota ndevu. Chuma hakina juu wala chini mpaka ukitundike."

Kinyozi akainama, akafumba jicho moja, akazikagua pande zote mbili kama anavyokagua kisogo cha mteja. "Upande ule una sura," akatoa hukumu. Hivyo ndivyo ekseli, ambayo kazi yake yote duniani ni kuzungusha magurudumu, ilivyopewa nafasi yake kwa kigezo cha uzuri.

Jumamosi asubuhi injini iliwaka. Ilikohoa, ikatema moshi uliofukuza nusu ya majirani, kisha ikatulia na kunguruma vizuri. Shemeji akapiga makofi. Kinyozi akapanda, akaiweka sawa kola ya shati, akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi huku akiwapungia mkono walio mbele yake.

Pikapu ikarudi nyuma na kulifumua geti jipya la mteja wa shemeji lililokuwa limeegemezwa ukutani.

"Nimekosea gia," akasema.

Akaingiza tena ya kwanza, safari hii akiiangalia. Ikarudi nyuma. Akajaribu ya pili; ikarudi nyuma kwa bidii zaidi, ikalimaliza geti. Alipoweka rivasi, jasho likimtiririka, gari likajivuta mbele taratibu kama limebeba jeneza.

"Hii injini ya mikate imezoea kurudi rudi kwenye milango ya maduka," kinyozi akanong'ona.

Shemeji akajitupa chini ya gari, akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kaka," sauti ikatoka, "ile ekseli tumeipindua, na yenyewe imetupindulia mwendo. Gia za mbele zote zimekuwa za nyuma."

"Utairudisha lini?"

"Nikijitahidi sana, kesho jioni."

Mama Miche aliutazama ukuta palipokuwa na geti. Aliiona miche yake chini ya magurudumu ya trekta, viunganisho vikifumuka. Machozi yalifika hadi kwenye kope, na hapo akayakataza.

"Shuka," alimwambia mumewe.

"Mama watoto, unataka kufanya nini?"

"Nataka kwenda mbele. Si kuna gia moja ya mbele? Inanitosha."

"Kwa rivasi? Katikati ya mtaa, wateja wangu wote wanaangalia?"

"Wape tundu la kupumulia walitazame. Shuka, mume wangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Na miche ikiwa imejaa nyuma, mwendo wa jeneza uligeuka kuwa neema: hakuna kiriba cha mche kilichopasuka, hakuna jani lililochanwa na upepo. Ndani ya kichochoro, ambamo gari lolote lenye akili timamu lingekosa pa kugeuzia, kila safari Mama Miche alishusha mzigo, akaingiza gia ya kwanza, kisha ya pili, akarudi kinyumenyume mpaka kitaluni bila kugeuza chochote isipokuwa shingo. Kinyozi alitangulia mbio nyuma ya gari, mikono juu, akipiga kelele, "Njoo! Njoo! Kata kulia! Njoo!" mbele ya kila kichwa alichowahi kukinyoa.

"Bosi, leo unanyoa barabara?" mmoja akamrushia.

Trekta lilipofika, jua likiwa limeinama, lilikuta ardhi tupu. Mama Miche alikuwa anafunga mlango wa nyuma wa pikapu kwenye mzigo wa mwisho. Dereva wa trekta akaizunguka pikapu, akayatazama maua ya chuma kupitia tundu la boneti.

"Gari zuri," akasema. "Nani kalitengeneza?"

Kinyozi, akihema, shati limelowa, akanyoosha mgongo. "Mimi na mdogo wangu. Ni muundo maalumu."

Mama Miche alikuwa na la kusema, tena refu. Akageuka kuitazama miparachichi yake iliyosimama wima, mizima, akalimeza.

"Haya, muundo maalumu," akasema akipanda. "Tangulia. Na huko mwisho wa kichochoro utaishusha miche taratibu."