Mbwa Aliyekuja na Nthenya

Mimi si mtu wa mbwa. Kwetu mbwa ni wa kulinda mbuzi na kula makombo, na akiingiza pua jikoni anapata ukuni wa mbavu. Kwa hiyo binti yangu Nthenya alipofika nyumbani kwetu Ikutha na mbwa nyuma yake, kitu cha kwanza nilichookota ni ukuni. Kisha nikamtazama Nthenya vizuri, nikauangusha.

Jicho la kushoto lilikuwa limefungana kabisa. Mdomo ulikuwa umepasuka, meno ya mbele hayapo, na mkono wa kulia ameubeba ndani ya leso, vidole vimevimba kama viazi vitamu. Alikuwa ametoka Kiboko, kule barabara ya Mombasa alikoolewa. Alipanda lori hadi Kibwezi, na kutoka Kibwezi akatembea. Mto Athi aliuvuka kwa miguu, maana mwaka ule wa themanini na nne maji yalifika kwenye vifundo tu. Mbwa alivuka naye. Alikuwa mbwa mkubwa, wa kijivu, na jina lake Simiti.

"Ni Mulei?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

Alinipita, akaingia jikoni, akalala chini kando ya mafiga na uso ukutani. Mbwa akaingia pia, mbele ya macho yangu, akajilaza nyuma yake, mgongo kwa mgongo, macho yake mlangoni. Nikawaacha. Hata mimi nina moyo.

Mulei ndiye mume. Alikuwa na bucha pale Kiboko malori yanaposimama, na kanisani kwao aliongoza maombi hadi akina mama wakatoa vitambaa vya kujifutia machozi. Mtu wa namna hiyo ukisema anapiga mke, wewe ndiye unayeonekana mwongo.

Nthenya alikaa kimya. Nilimkanda kwa maji ya chumvi, nikamfunga mkono kwa vijiti na kitambaa, nikampa uji, na neno lisitoke. Baba yake Muthama, ambaye ni mzee wa kanisa na ana maneno ya kutosha kijiji kizima, alikuja akasimama mlangoni, akakohoa, akaenda zake. Wanaume wetu wakishindwa kusema hukohoa.

Lakini Nthenya alizungumza na mbwa. Niligundua asubuhi moja nikiwa nje nachambua yale mahindi ya njano ya msaada wa serikali. Sauti yake ilipita katikati ya miti ya ukuta, ya chini, kama ya mtu anayembembeleza mtoto.

"Unakumbuka siku ya maini, Simiti? Nilichelewa kuyatoa motoni. Akanishika nywele, akanigongesha kwa ile gogo ya kukatia nyama. Wewe ukalia. Akakumwagia maji ya moto."

Nikaacha kuchambua. Nilikuwa nimeona lile kovu mgongoni mwa mbwa, mahali manyoya hayaoti, nikadhani ni upele.

"Na ile mimba," akasema. "Alinipiga teke mpaka ikatoka. Akafunga mlango akaenda maombi. Ulilala na mimi pale chini, damu ikakulowesha tumbo lote, na hukuondoka. Watu walikuwa barabarani, Simiti, nasikia wanacheka, na hakuna aliyekuja ila wewe."

Sikujua kwamba kulikuwa na mimba. Mimi ndiye mama. Nilikaa pale na ungo mapajani, nikatamani Mulei awe karibu na panga liwe kali.

Tangu siku hiyo nilimpa yule mbwa uji kutoka fungu langu. Katika mwaka ule! Njaa ile tuliiita Nikwa Ngwete, kwa sababu mtu alikufa ameshika pesa mkononi na hakuna chakula cha kununua. Majirani wangeniona wangesema nimerogwa. Lakini nilipoweka kata chini Simiti akaja kunusa, Nthenya aligeuza uso kutoka ukutani kwa mara ya kwanza.

"Mwaitu," akaniita mama kwa Kikamba chetu, "yeye hupenda ukoko."

Basi nikamkwangulia ukoko. Kesho yake Nthenya akasema Simiti huogopa mtu aliyevaa kofia. Siku nyingine akasema hutafuna ndala. Tulizungumza juu ya mbwa mpaka tukaweza kuzungumza juu ya kuni na maji. Hata Muthama alipata njia yake. Alikuwa akisimama mlangoni na kuuliza, "Mbwa amekula?" na Nthenya anajibu, "Amekula, Baba," na mzee anaondoka ameridhika, kwa kuwa sote tulijua anayeuliziwa si mbwa. Jioni moja Simiti alikimbiza kuku wa jirani akajikwaa kwenye kinu, na binti yangu akacheka na pengo lake lote. Nililia kwa furaha, nikasingizia moshi.

Ndipo Mulei akaja na mbuzi.

Sijui kwenu, lakini kwetu mke akikimbilia kwao, mume humfuata na mbuzi. Wazee wanakaa, wanasikiliza. Mbuzi akichinjwa na kuliwa, maneno yameisha na mke anarudi na mumewe siku hiyo hiyo. Asipochinjwa, mume anaondoka naye. Kwa hiyo maisha ya Nthenya yalikuwa yamefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya boma letu, na Mulei, kwa ujanja wake wa mwenye bucha, alichagua beberu mnono, anayeng'aa, katika mwaka ambao wazee wetu walikuwa wamesahau ladha ya nyama. Alikuja hata na kisu chake cha kazi kiunoni, kwenye ala, ili kusiwe na kuchelewa.

Mimi nilijifungia jikoni. Si kwa woga. Sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima ya wakwe: mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, hawakaribiani. Nikikutana na Mulei njiani naingia kichakani. Wokovu ulikuja ukafuta pombe na ngoma, lakini nthoni haukuifuta. Kwa hiyo nilichungulia kupitia ufa, na nilisikia kila kitu.

Wazee walikaa kwenye kivuli cha ghala, ghala tupu. Muthama alikuwepo, na mjomba wa Mulei aliyemsindikiza, na Mzee Ndululu, msemaji wa ukoo wetu, ambaye mbavu zake ungeweza kuzihesabu kupitia shati. Wote walikuwa wanamtazama mbuzi.

Mulei alianza na maombi. Aliomba vizuri, mshenzi yule. Kisha akasema, "Wazee wangu, mimi nimeokoka. Huyu bibi yangu alianguka kwa ngazi ya stoo, akapata hasira bure, akatoroka. Sijawahi kumuinulia mkono. Mungu ananiona."

"Nyumba haikosi maneno," mjomba wake akaongeza.

"Ni kweli," Mzee Ndululu akasema, macho kwa mbuzi. "Sahani zikikaa pamoja zinagongana. Muthama, unasemaje?"

Muthama alikohoa. Nilishika mlango kwa kucha. Sema, mzee, nikamwambia moyoni, sema leo hata neno moja.

"Tumuulize mtoto mwenyewe," akasema.

Wakamwita. Nthenya akatoka, na Simiti ubavuni, amegusana na paja lake. Alisimama mbele ya wazee kichwa chini. Mzee Ndululu akamwambia, "Mama, huyu bwana yako anasema hajakupiga. Ni ukweli ama ni uongo?"

Midomo yake ilitikisika, sauti ikakataa. Mulei akatabasamu. Akainuka kwenye kiti, akanyoosha mkono ili aushike wake, akasema, "Kuja, mpenzi, tumalize hii mambo."

Mkono ule ulipoinuka tu, Simiti alijikojolea. Mkojo ulimtiririka miguuni mbele ya watu wote, mwili mzima unatetemeka, mkia tumboni. Hakukimbia lakini. Alijiburuta hivyo hivyo na mkojo wake, akapanda miguuni pa Nthenya, akageuka kumtazama yule mwanaume, akaonyesha meno.

Kila aliyekuwa pale amefuga mbwa.

"Mulei," Mzee Ndululu akauliza polepole, na kwa mara ya kwanza aliacha kumtazama mbuzi, "hii mbwa imekula mifupa ya bucha yako?"

"Ni mbwa yangu, mzee. Nimeilea mimi."

"Mbwa huruka kwa furaha ikiona mwenye kuilisha. Sasa hii yako inaogopa nini?"

Uso wa maombi ulimtoka Mulei, na mwingine ukaingia, ule ambao Nthenya alikuwa akiujua peke yake. "Toka hapa, shetani!" akasema, akampiga Simiti teke la mbavu. Nilisikia mbavu zikivunjika. Mbwa aliruka akamkamata mkono, akaning'inia. Mulei akachomoa kisu kwa mkono wa pili.

Alimchoma shingoni. Alimchoma tena, na tena, hata baada ya meno kuachia. Nthenya alijitupa chini akamkumbatia mbwa, na yule mtu hakuacha, alichoma katikati ya mikono yake, akamkata bega, akaukanyaga ule mkono uliokuwa haujapona. Damu ya mbwa na ya binti yangu ilikuwa moja. Nthenya alipiga kelele, "Niue mimi! Niue mimi!" Na Mulei akanguruma, mbele ya wazee, mbele ya Mungu wake, "Nitakuua! Nyinyi wote wawili! Nilikwambia nitakuua!"

Wazee walikuwa wamesimama. Walipiga kelele, eti, "Wacha! Wacha!" Muthama alikwenda mbele, akasukumwa kwa kiwiko, akaanguka chali. Wengine mikono juu, miguu imeota mizizi. Nami nikasubiri mwanaume afanye kitu, mpaka nikaona nitasubiri mpaka mtoto awe maiti.

Nilichomoa mchi kwenye kinu nikatoka.

Mulei aliponiona alishtuka kuliko wote. Alifanya kile mkwe anachofanya, aligeuza uso pembeni ili asinitazame, kisu bado kiko juu. Alikuwa na heshima, unaona? Nilimpiga mkono ule wa kisu hapo kwenye kiwiko, ukalia kama kuni kavu. Kisu kikaanguka. Nikampiga bega. Akapiga magoti, nikampiga mgongoni, na kila mara namwambia, "Nitazame! Nitazame usoni, Mulei! Mimi mama mkwe wako, nitazame!" Hatimaye akainua uso akanitazama, kamasi na machozi, na mimi nikamtemea mate katikati ya macho.

Hapo ndipo watu waliponishika. Sikuhitaji kushikwa, nilikuwa nimemaliza.

Mama mkwe amempiga mkwewe, amemtemea, wametazamana. Kwetu hakuna mbuzi wa kuosha jambo hilo. Hata ukileta zizi zima. Ukwe ulikuwa umekufa pale pale kwenye vumbi, na mwanamke hawezi kurudishwa kwa mtu ambaye si mkwe wa mtu yeyote.

Mzee Ndululu ndiye aliyekwenda kwenye nguzo. Alifungua kamba polepole, vidole vyake vikaikawilia, kisha akampa yule mjomba.

"Chukua mbuzi yenu," akasema. "Na hii takataka muibebe. Hapa hamna bibi yenu."

Wakaondoka, mjomba mbele na beberu, Mulei nyuma ameshika mkono wake uliovunjika, akilia kwa sauti. Wazee wakamsindikiza mbuzi kwa macho mpaka kwenye kona ya barabara. Sikuwacheka. Njaa ni njaa, na walimwacha aende. Muthama alikuwa ameketi chini alipoanguka, kofia imemtoka, anatazama mikono yake.

Simiti hakufa mara moja. Nthenya alikaa naye kwenye mavumbi, kichwa cha mbwa mapajani, damu ikimtoka yeye mwenyewe begani na hataki niiguse. Alimshika masikio. Alimwambia maneno mengi sikioni, na mbwa akatikisa ncha ya mkia, akatikisa tena, kisha akaacha. Nthenya akalia kilio ambacho sijakisikia hata kwenye matanga ya mtu.

Tulimzika nyuma ya jikoni. Nilipasua kitambaa changu cha kanisani nikamfunga Nthenya bega, na yeye akashika jembe kwa mkono mmoja, akakataa kusaidiwa. Shimo lilikuwa gumu, ardhi ya ukame ni mwamba. Mimi nilisimama pale na mchi bado mkononi, na kitu kilikuwa kinanila, nikashindwa kukimeza.

"Nthenya," nikasema. "Ile mimba. Maini. Yote hayo ulimwambia mbwa. Kwa nini hukuniambia mimi, mama yako?"

Aliacha kuchimba. Alinitazama kwa jicho lake moja zima, bila hasira hata kidogo, kama mtu anayeulizwa njia.

"Mwaitu," akasema, "Simiti hakuwahi kuniambia nivumilie."

Nikaweka mchi chini. Nikachukua jembe mkononi mwake, na safari hii aliniachia.