Siku ya Kwanza ya Eda

Siku Abdulhadi alipofariki, mkewe Swalha alikuwa ng'ambo, mtaa wa nguo za jumla wa Shisanhang, amechuchumaa katikati ya mafurushi, akivuta mishono ya magauni ya Idi.

"Uzi huu utaachia kabla imamu hajatoa salamu," alisema.

"Wauzie wanaokaa nyuma msikitini," akajibu Bimkubwa, mchuuzi mwenzake aliyemzidi umri, na wote wawili wakacheka mpaka mwenye duka, Mchina asiyejua Kiswahili, akacheka nao. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumatano jioni, kwenye mapokezi ya hoteli, Swalha aliitwa kwenye simu. Alikuwa Abubakary, shemeji yake, kutoka Unguja.

"Shemeji, ndege ya Abdulhadi imeteleza ikitua. Amevunjika mguu."

"Mguu tu?"

"Mguu tu. Wewe rudi nyumbani."

"Nirudi Unguja, naye yuko Kanada?"

"Rudi tu, shemeji."

Swalha aliijua desturi. Aliye mbali haambiwi msiba. Huambiwa ugonjwa, aje, ashikwe mikono ndipo aelezwe. Yeye mwenyewe aliwahi kumwambia binti wa jirani kwamba mama yake ana homa kidogo. Lakini usiku ule desturi hiyo ilikuwa ya watu wengine.

Abdulhadi alirusha ndege ndogo ya abiria sita, akipeleka barua na unga kwenye vijiji vya theluji. Katika barua moja alimweleza upepo wa ubavuni: ndege huujia uwanja upande upande, kama kaa, na rubani huinyoosha pua magurudumu yakikaribia kugusa. "Kwenye lami kavu ni mchezo," aliandika. "Kwenye barafu gurudumu halina pa kushika. Niombee dua."

Alhamisi asubuhi Swalha aliyaacha magauni, akaenda soko la Liuhua kutafuta suruali nzito. Bimkubwa alimfuata akiwa amembebea mkoba, kimya, yeye ambaye hupatana bei hata ya kitu asichokitaka. Wakapata ya sufu, bitana mbili. Swalha akaipeleka kwa fundi wa cherehani pembeni ya soko, akamwonyesha kwa kidole: mguu wa kulia, apasue kuanzia pajani hadi chini, atie zipu.

"Ipite juu ya hogo," alimweleza Bimkubwa. "Plasta ile nene, vipi ataivaa suruali? Atakaa na baridi, na aibu ya kuomba msaada."

Fundi akachukua mkasi.

"Swalha, mwanangu," Bimkubwa alisema. "Mwambie asiipasue."

Swalha alimtazama. Kisha akauweka mkono wake juu ya kitambaa, na fundi akarudisha mkasi mezani.

"Lini?"

"Jumatatu. Upepo uliisukuma ndege nje ya njia, ikapinduka. Mimi nimeambiwa leo alfajiri."

"Wamemzika?"

"Jana."

"Nani alimwosha?"

"Wasomali wa mji ule. Wamefanya kila kitu, mwanangu. Ardhi ilikuwa imeganda, wakaazima mashine ya kuchimbia."

"Jana mchana alikuwa bado juu ya ardhi," Swalha alisema taratibu. "Ningewapigia. Ningewaomba wamwekee simu sikioni, nimuage."

"Uko mbali. Waliogopa nani atakushika."

"Wewe si ulikuwapo?"

Bimkubwa aliinamisha kichwa, akaukumbatia mkoba.

Swalha alianza kuvua bangili, moja moja, akizipanga mezani kando ya cherehani. Viganja vyake bado vilikuwa na hina, na shingoni alinukia udi. Eda huhesabiwa tangu kifo, si tangu habari. Siku tatu zilikuwa zimekwisha kupita juu yake, amejipamba.

Fundi aliikunja suruali vizuri, akamrudishia, akakataa malipo.

Jumamosi Swalha anaondoka. Mjane wa eda hasafiri, ila viza yake inaisha Jumapili.