Kiganja cha Mama Delphine

Wanawake wanaokausha samaki pale Kashikishi, kando ya ziwa upande wa Zambia, hawakuwa na kipimajoto, na hawakuona wamepungukiwa na kitu. Walikuwa na Mama Delphine. Mtoto akichemka, mama yake alimfunga mgongoni, akapita katikati ya moshi mpaka tanuri ya mwisho karibu na maji, akasema tu, "Mama, umuwekee mukono." Delphine alifuta kiganja kwenye kitenge, akakiweka kwenye kisogo cha mtoto, chini ya nywele, akafumba macho. Kisha akatoa hukumu: hii ya meno, hii ya jua, na hii, mwanangu, kimbia kliniki sasa hivi, salamu utanipa ukirudi. Kwa miaka kumi na minane tangu avuke kutoka Kongo, makosa yake yalihesabika kwa vidole. Hata majirani Wabemba, ambao Kiswahili kwao ni cha kuulizia bei, neno "mukono" walilijua.

Kumbe mkono wenyewe ulikuwa umeshakufa ganzi.

Haukufa kwa siku moja. Mtu anayegeuza perege juu ya waya wa moto kwa vidole vitupu, wiki nzima isipokuwa Jumapili, ngozi yake hujihami. Ilifanya sugu juu ya sugu. Wasichana wa tanuri walimshangilia alipookota kaa jekundu lililoanguka na kulirudisha ndani bila haraka, naye alicheka pamoja nao, maana nani hapendi kusifiwa? Msimu wa mvua uliopita alishika kifuniko cha sufuria akiwa katikati ya hadithi, akaendelea na hadithi yake mpaka aliponusa ngozi ikiungua, na ngozi ilikuwa ya kwake. Siku hiyo aliogopa sana. Hakumwambia mtu yeyote. Mjane wa miaka sitini na miwili, ugenini, heshima yake yote iko kwenye kiganja kimoja, aseme nini?

Akatafuta ujanja. Aliendelea kuweka mkono na kufumba macho, lakini sasa aliuliza maswali. Alilala? Anakunywa? Jana alicheza? Tena jicho moja halikufumbwa sawasawa. Lilikuwa likimtazama mama. Mama mwenye hofu ya kweli hasimami kama mwenye hofu ya kupita, na Delphine alikuwa amekula chumvi nyingi, alijua kutofautisha. Wale wenye hofu ya kweli aliwatuma kliniki. Mwaka mzima ulipita hivyo, hakuna mtoto aliyeharibika, na hilo ndilo lililompa kiburi.

Halafu akaugua Stéphanie, mjukuu wake.

Stéphanie alikuwa na miaka minne, mtoto wa pekee wa Marlène, na Marlène alikuwa kitinda mimba wa Delphine. Waliishi watatu katika nyumba moja nyuma ya tanuri. Marlène alipeleka unga na sabuni ng'ambo ya ziwa, Kilwa ya Kongo, akarudi na mafuta ya mawese na vitenge. Homa ilianza Jumatatu. Jumanne walikwenda kliniki, kipimo kikaonyesha malaria, wakapewa dawa ya siku tatu pamoja na neno moja ambalo muuguzi alilirudia mara mbili: dawa ikiisha na homa ikabaki, mrudisheni siku hiyohiyo. Alhamisi jioni dawa iliisha.

Ijumaa asubuhi mizigo ya Marlène ilikuwa tayari kwenye boti. Alikuwa amekosa safari mbili wiki ile kwa ajili ya mtoto, na unga ulianza kushika unyevu. Akaja kwenye tanuri na Stéphanie begani, mbele ya wanawake wote.

"Mama, boti inaondoka saa mbili. Umuwekee mukono. Ukisema nibaki, nabaki."

Delphine akafuta kiganja, akakiweka kwenye kisogo cha mjukuu wake. Hakuhisi chochote. Ilikuwa kama kuweka mkono kwenye ukuta. Akafungua jicho kidogo, kama alivyozoea, akamtazama mama, na uso wa Marlène haukuwa na hofu. Ulikuwa uso wa mtu mwenye mguu mmoja kwenye maji, anayeomba ruhusa ya kuinua wa pili. Delphine akampa.

"Imeshuka," akasema. "Enda. Dawa iko natumika ndani."

"Kweli, Mama?"

"Nilikudanganyaka siku gani?"

Nsama, jirani wa tanuri ya pili, mwanamke wa Kibemba mwenye sauti ya kuitia boti, akaitikia kutoka kwenye moshi wake: "Ba mama Delphine bakisema imeshuka, basi imeshuka. Enda, mukwai!" Marlène akacheka, akambusu mtoto, akamwacha mikononi mwa bibi yake na kukimbilia ufukweni.

Sitaki kumtetea. Maswali yale aliyowauliza wanawake wengine mwaka mzima, alilala, anakunywa, alicheza, wa kwake hakumuuliza hata moja. Aliogopa kujibiwa.

Majibu yalikuja yenyewe. Saa nne mtoto alikataa uji. Saa tano alikataa maji, yeye ambaye hunywa maji mpaka ya kuoshea samaki usipomwangalia. Alipotolewa nje kivulini alijificha uso kwenye kitenge na kulia kwamba jua linamuumiza, na jua lenyewe lilikuwa limefunikwa na mawingu. Delphine akamuinua ili ambembeleze, na paji la uso la Stéphanie likagusa shavu lake. Shavu halikuwahi kugeuza samaki. Lilijua moto mara moja.

Hapo angemfunga mtoto mgongoni na kwenda; kliniki si mbali. Lakini njia ilipita mbele ya tanuri sita, na wanawake sita walikuwa wamemsikia akisema imeshuka. Nsama mwenyewe alikuwa na mtoto wa miezi mitano, na juzi tu Delphine alikuwa amemwambia kwamba ni meno. Wangemuuliza, naye angejibu nini? Akaingia ndani. Akampa mtoto Panadol, akamkanda kwa kitambaa cha maji, na baada ya saa moja shavu likamwambia joto limepungua. Mtoto akalala. Unaona, akajiambia, dawa ilikuwa inatumika ndani. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu, na Delphine alizipata zote mchana ule, moja baada ya nyingine, mpaka giza likaingia.

Jumamosi alfajiri alimwita mtoto aamke. Macho yalifunguka, yakamtazama, yakapita. Alipomuinua kichwa ili amnyweshe, shingo haikukunjika. Mwili mzima uliinuka pamoja nayo kama ubao. Delphine alipiga ukelele ambao Nsama aliusikia akiwa bado kitandani. Akambeba mtoto mikononi, akapita mbele ya tanuri zote sita, kichwa wazi, miguu mitupu, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Kliniki iliwapeleka hospitali kubwa kwa gari. Muuguzi wa wodi ya watoto, Sista Mulenga, alikuwa amefanya kazi Mantapala, kambi ya wakimbizi wa Kongo, na huko ndiko alikookota Kiswahili chake. Walipokwisha kumtoboa mtoto mgongoni kuchukua maji ya kupima na kumwekea dawa ya mshipa, alikuja na karatasi, akakaa kando ya bibi, akamwita mama kwa Kibemba.

"Mayo, homa ilianza siku gani?"

"Jumatatu."

"Dawa ya malaria iliisha?"

"Alhamisi."

"Na Ijumaa?"

Delphine alitazama sakafu. "Ijumaa nilimuwekea mukono."

Mulenga hakupandisha sauti. "Mayo, mukono inakuambia ngozi iko moto ao haiko moto, basi. Haikuambie mutoto iko namna gani. Anakataa maji, anakimbia mwangaza, anakuangalia lakini hakuone: apo hauulize moto tena, unaleta. Na homa yenye kubakia nyuma ya dawa, unaleta hata mutoto anacheka."

"Nilijua," akasema Delphine. "Yote ile nilijua."

Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, iliyojificha nyuma ya malaria. Siku mbili hakuna aliyethubutu kusema kama atapona. Laini ya simu ya Zambia haikumpata Marlène ng'ambo. Nsama akatuma ujumbe kwa nahodha wa boti, na Jumatatu, mtoto alipofumbua macho na kuomba uji, akatuma wa pili kwamba anaendelea vizuri. Wodi nzima ilifurahi. Delphine alilia mpaka kwikwi ikamshika, akamshukuru Mungu kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kibemba kidogo alichonacho.

Jumanne mfanyakazi mmoja aliangusha sinia la chuma nyuma ya kitanda. Watoto wawili walianza kulia, na Delphine mwenyewe alishtuka akajigonga ukutani. Stéphanie aliendelea kula uji. Delphine akamtazama kwa muda. Akaenda nyuma yake, akapiga makofi. Akapiga tena, karibu na sikio, akaita jina lake, akaliita jina lile la utani ambalo siku zote lilimchekesha. Mtoto akalamba kijiko.

Daktari alikuja, akapima, akaandika. Mulenga akamfasiria bibi kwamba ugonjwa ule hufanya hivyo. Kwamba watapima tena baada ya mwezi, na mara nyingine kitu kidogo hurudi, lakini asikae akitegemea.

"Kama nilimuleta Ijumaa?" akauliza Delphine.

"Mapema inasaidiaka," akasema Mulenga. "Lakini siwezi kukuapia, Mayo."

Bibi alitamani amwapie, upande wowote ule.

Alhamisi Marlène akafika. Alikuja moja kwa moja kutoka kwenye boti, kitenge kimelowa mpaka magotini, na mfuko wa biskuti za Kilwa mkononi. Siku nzima majini alikuwa ameshikilia ule ujumbe wa pili, wa uji na wa kuendelea vizuri. Akasimama mlangoni, akamwona mwanawe amekaa kitandani, amempa mgongo, anabandua plasta mkononi.

"Stefa!" akaita. "Stefa wa mama!"

Mtoto hakugeuka. Marlène akacheka huku machozi yakimtoka. "Alinikasirikia," akamwambia mama yake. "Ona vile ananipa mugongo. Iko na haki. Nilimuacha."

"Marlène, ikala chini kwanza."

"Acha nimubembeleze, Mama. Niko na biskuti."

Delphine akamshika mkono, akamzuia. "Hakukasirike. Masikio yake ilikufa na ile homa. Docteur alipima." Kisha, kabla ujasiri haujamwishia, akasema na lile lingine. "Na ile asubuhi, miye sikujua kama moto imeshuka. Mukono yangu haijuwe moto tena, mwaka muzima sasa. Nilificha. Niliona unataka kuenda, nikakuambia enda."

Tabasamu la Marlène lilibaki usoni, halikupata taarifa. Alitoa mkono wake taratibu, akaweka biskuti chini, akasogea hatua mbili karibu na kitanda. Angeweza kunyoosha mkono akamgusa mtoto begani, lakini hakumgusa. Alimwita. Akamwita tena, kwa nguvu zaidi, kisha kwa sauti yote aliyokuwa nayo, ile ya kumwita mtoto aliyekwenda mbali kwenye maji.

Wodi nzima iligeuka: akina mama waliokuwa wakinyonyesha, Sista Mulenga mezani kwake, mzee aliyekuwa akipiga deki, na kitoto cha miezi sita kwenye kitanda cha jirani. Stéphanie aliendelea kubandua plasta.