Mtu wa Bima Mwenye Viatu vya Ufukweni

Nyumba ninayokaa imeuzwa mara tano nikiwa ndani yake. Inauzwa na mimi nimo, kama gunia la mchele linavyouzwa na mdudu wake. Mwenye nyumba wa kwanza alikaa mitaa mitatu tu kutoka hapa na tulikuwa tunaonana kanisani. Wa pili alikuwa Florida. Wa tatu na wa nne sikuwahi kujua kama ni wanaume au wanawake. Huyu wa tano anaitwa Trent Halvorsen, anaishi San Diego, California, mahali ambapo watu huvaa kaptula mwezi wa kwanza. Alikuwa hajawahi kukanyaga Cleveland. Nyumba aliinunua kwa kutazama picha kumi na nne kwenye simu, kama mtu anayechagua mkanda.

Ni nyumba ya mbao, familia moja chini na moja juu, na ngazi ya nyuma tunayochangia. Mimi, Ernestine Gaddis, nimekaa chini miaka thelathini na moja. Juu pamekuwa patupu tangu mwezi wa tisa.

Kwamba nafukuzwa nilijua kabla ya barua kufika. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mzee Kaz Pilarski, aliniita kwake siku moja baada ya ibada.

"Dada Ernestine, njoo uone. Nyumba yako imekuwa nyota wa sinema."

Kumbe Trent anafundisha watu. Anasimama ufukweni, miwani ya jua kichwani, anarekodi video za kuwaeleza wenzake wa California jinsi ya kununua nyumba za kupangisha kwenye majimbo ya mbali, bei ikiwa chee, bila kutoka nyumbani. Na pale kwenye video nikaona baraza langu. Nikaona vyungu vyangu vya maua na pazia langu la jikoni.

"Hii hapa," akasema Trent, "ina mpangaji wa zamani, bibi mmoja, analipa kodi ya enzi za Nuhu. Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi wa pili. Anatoka, tunapaka rangi, tunapandisha bei."

Bibi mmoja! Jina langu limeandikwa kwenye sanduku la barua kwa herufi kubwa kama kichwa cha mbuzi.

Kaz alitaka kumwandikia matusi hapo hapo. Nikamwambia, weka nyingine. Tukatazama video kumi na moja mfululizo huku tukila zile sambusa za kuchemsha za Kipolandi alizofundishwa na mama yake. Katika ile ya saba Trent alitoa mafunzo mawili. La kwanza: "Nyumba ikiwa tupu, zima mashine ya kupasha joto. Msiwapashe mizimu." La pili: "Mara moja kwa mwaka nenda ukaone mali yako, ila usijitambulishe. Sema umetoka bima. Watu humwambia mgeni ukweli wanaomficha mwenye nyumba."

"Kaz, rudisha nyuma kidogo," nikasema.

Akarudisha. Tukasikiliza tena.

"Huyu mtoto atakuja," nikasema.

"Na akija?"

"Tutampa ukweli. Si ndio anaoutaka?"

Kaz akacheka mpaka sambusa ikampalia.

Lakini lile funzo la kwanza halikunichekesha. Huku kwetu baridi ikishika, maji yaliyotulia ndani ya bomba huganda, barafu hutanuka, na bomba hupasuka kama gunzi motoni. Barafu ikiyeyuka, maji yote humshukia aliye chini. Aliye chini ni mimi. Nilimpigia wakala anayesimamia nyumba, mtu mwenye nyumba mia mbili na simu moja, akaniambia, "Mama, ni amri ya mwenyewe. Joto la juu limezimwa." Kwa hiyo tangu theluji ianze nilikuwa nikipanda ngazi ya nyuma asubuhi na jioni na magoti yangu haya. Naacha koki zikidondosha, maana maji yanayotembea hayagandi upesi. Nafungua milango ya makabati chini ya sinki ili joto linalopanda kutoka kwangu liyafikie mabomba. Bomba la ukuta wa nyuma nimelivika blanketi zangu mbili kuukuu. Mtaani kwetu mtoto hujua kudondosha maji kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Alikuja Jumanne ya wiki ya tatu ya Januari, saa nne asubuhi. Baridi ilikuwa imekaa chini ya sifuri siku tatu. Niliona gari dogo la kukodi likiserereka hadi kwenye ukingo wa theluji mbele ya baraza na kujizika humo hadi nusu ya matairi. Akashuka kijana mrefu, uso umeiva kwa jua. Miguuni alikuwa na viatu vyeupe vya kitambaa. Soksi hakuna.

Nilimpigia Kaz. "Ndege ametua."

"Habari za asubuhi, mama," akasema kijana mlangoni, meno yakigongana. "Naitwa Keith. Nimetoka bima. Nimekuja kukagua nyumba."

"Karibu, Keith mwanangu! Tumekungoja sana."

"Mmeningoja?"

"Watu wa bima hamna kawaida ya kuchelewa hivi."

Kabla hajaingia, Kaz alikuwa ameshavuka barabara, beleshi begani.

"Wewe ndiye wa bima? Safi. Shika hili."

"La nini, mzee?"

"Mwenzako wa mwaka jana alianza na njia. Anasafisha mwenyewe ili apime mtu anateleza wapi. Hukufundishwa?"

Kijana aliniangalia. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayeona vijana wa siku hizi hawafundishwi kitu. Akashika beleshi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kwake ilikuwa na theluji hadi magotini na aliisafisha yote, kutoka barabarani hadi ngazi za baraza. Kaz alisimama pembeni akimwelekeza. "Inama na magoti, si mgongo. Hapo umeacha. Hapo pia. Ajuza akianguka hapo, nani atalipa?"

Alipomaliza vidole vya miguu vilikuwa vya bluu. Kaz ni mchokozi lakini si katili. Alikwenda kwake akarudi na viatu vyake vikubwa vya theluji na soksi za sufu. Kijana alivivaa bila kubisha.

Ndani nilimweka karibu na jiko, nikampa kahawa. Alikuwa na karatasi kwenye ubao na kalamu, kila kitu kama mkaguzi kweli.

"Niambie ukweli, mama," akasema, akipunguza sauti. "Mwenye nyumba wako anaitunza nyumba vizuri?"

"Maskini yule."

"Maskini kivipi?"

"Hana akili, mwanangu."

Kalamu ikasimama.

"Andika," nikasema. "Si unaandika ripoti? Andika hana akili."

"Labda niandike... ana upungufu wa taarifa."

"Taarifa anazo, wakala anamwambia. Kinachopungua ni akili. Andika nilivyosema, mimi ndiye shahidi."

Akaandika. Nilinyoosha shingo kuhakikisha.

"Sasa twende juu nikuonyeshe kwa nini."

Tulipanda ngazi ya nyuma. Kule juu pumzi zetu zilitoka kama moshi. Koki ya jikoni ilikuwa ikidondosha, tik, tik, na ya bafuni vilevile. Aliziona akakunja uso.

"Hizi zinavuja! Maji yanapotea!"

"Usiguse!" Nilipiga kelele hata mimi nikashtuka. Alirudisha mkono kama aliyeungua.

Nikamweleza, na hapo sikuwa natania. Nilimwonyesha makabati yaliyo wazi. Nilimwonyesha blanketi. Kisha nikajaribu koki ya bomba la ukuta wa nyuma, na haikutoa hata tone. Asubuhi ile baridi ilikuwa imenishinda.

"Keith, weka mkono wako hapa."

Aliweka. "Ni kama chuma cha friji."

"Humo ndani kuna barafu. Ikiendelea hadi jioni litapasuka. Likipasuka litabomoa ukuta huu, dari yangu, na kila kitu kilicho kwangu. Shuka chini, chumbani kwangu, juu ya meza kuna draya ya nywele. Kimbia!"

Alikimbia, nitasema ukweli, na viatu vya Kaz vikipiga ngazi kama farasi. Nilimfundisha aanzie karibu na koki arudi nyuma taratibu, asikae mahali pamoja. Alichuchumaa akilipuliza bomba la watu robo tatu ya saa. Mara ya kwanza alilalamika mgongo. Mara ya pili aliuliza kama mtu huishi hivi kila mwaka. Baadaye hakuuliza tena, akakaza macho kwenye lile bomba kama mtu anayemngoja mgonjwa afungue macho.

Ghafla likatoa mlio, *kwaak*, koki ikakohoa, ikatema barafu mbili tatu, kisha maji yakaja. Kijana akaruka juu. "Limefunguka! Mama, limefunguka!" Alicheka kama mtoto, na kwa dakika moja nilisahau kwamba ndiye aliyeniita bibi mmoja.

Dakika moja tu.

"Sasa, Keith," nikasema nikijifuta mikono, "wewe ni mtu wa bima, nisaidie kitu. Mwenye nyumba amezima joto kwa amri yake mwenyewe, nyumba tupu, katikati ya Januari. Bomba likipasuka, bima mtalipa?"

Alitazama bomba, akatazama draya mkononi mwake.

"Sidhani," akasema polepole. "Amezima mwenyewe. Hapana. Tusingelipa."

"Andika."

Akaandika.

"Na huyu bibi anayepanda ngazi kila siku kudondosha maji, mwenye nyumba amempa barua ahame mwisho wa mwezi wa pili. Mwezi wa tatu huku bado ni baridi hii hii. Nani atakuja kudondosha maji? Wakala? Wewe?"

Safari hii hakuna aliyemwambia aandike. Aliandika mwenyewe.

Nilimlisha maharage na mkate wa mahindi, maana nyumbani kwangu hata mwongo halali njaa. Kisha akaaga. Aliingia garini, akawasha, akakanyaga mafuta. Matairi yalizunguka, theluji ikaruka, gari likazama zaidi. Akashusha kioo. Mtaa mzima ulikuwa umetoka, mabeleshi mikononi, umesimama tu. Kaz alikuwa mbele yao, mikono juu ya mpini wa beleshi, kidevu juu ya mikono.

"Hamtanisukuma?" kijana akauliza.

Nilishuka ngazi za baraza taratibu. Njia ilikuwa safi ajabu, hata mimi mwenye magoti mabovu sikuteleza.

"Watakusukuma, Bwana Halvorsen," nikasema.

Uso wote uliishiwa jua.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu video ya saba. Ile ya mizimu."

Kaz akadakia: "Ya nne ndiyo nzuri zaidi. Ile uliyomwagikiwa juisi."

Trent alizima gari. Aliegemeza kichwa chake kwenye usukani, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa akiiba kuku huku kuku akiwa bado kwapani.

"Unataka nini, mama?"

"Bi Gaddis."

"Unataka nini, Bi Gaddis?"

"Miaka mitatu mingine, kodi ile ile. Joto la juu liwashwe leo, si kesho. Na ufunguo wa juu ukae kwangu."

"Na nikikataa?"

"Nitahama kama ulivyosema kwenye video. Nitakuachia na draya."

Alitazama juu, kwenye dirisha la ghorofani. Kisha akachukua ile ripoti, akaigeuza nyuma, akaandika masharti yangu yote matatu, na kutia sahihi kwa jina alilopewa na mama yake. Akampigia wakala pale pale, nikimsikia: "Washa. Ndiyo, najua nilisema nini. Washa." Kaz akapiga mluzi, watu wakaweka mabega kwenye gari, na mtu wa bima akaondoka zake.

Mkataba wa kuchapwa ulikuja wiki iliyofuata, lakini ile karatasi ya kwanza ninayo kwenye droo. Siku akitaka kunigeuka, nitampelekea nakala ya pande zote mbili: upande huu ameahidi, upande ule ameandika kwa mkono wake kwamba mwenye nyumba hana akili.

Mwezi wa pili Kaz aliniita tena. Video ya kumi na mbili ilikuwa imetoka. Trent amesimama ufukweni kama kawaida, anawaeleza wanafunzi wake: "Baada ya utafiti wangu wa kina, nimegundua siri ambayo wengi hawaijui. Nyumba tupu katika majimbo ya baridi isizimwe joto kamwe. Na mkipata mpangaji wa zamani anayeijua nyumba, mshikeni kama dhahabu."

"Utafiti wake!" nikasema. "Umesikia mwizi huyu?"

Kaz alikuwa ameinama hadi pua inagusa kioo, akionyesha kwa kidole chini kabisa ya picha, pale maji ya bahari yalipokuwa yakirudi kwenye mchanga.

"Dada Ernestine," akasema, "hivyo si viatu vyangu?"