Kidonge Kiganjani

...na kidonge chenyewe ni kidogo hivi, cheupe, kimeanza kulowa jasho, Ethel akakitazama tena, akafumba mkono, "Mama Stella, bado hujameza?" nesi Wema anauliza huku akimfunga upya kipimo cha presha, kidonge si cha kukulaza, mama, ni cha kukutuliza tu, presha imepanda kwa hofu, ikibaki hapo daktari ataahirisha upasuaji, ataahirisha... mara ya pili hiyo, warudi tena Newala na mkoba uleule, na rovu halimsubiri mtu, limejaa shingoni kama bibo, akilala chali linamkaba, lakini mshipa wa sauti umepita hapo hapo, nitakuwa mwangalifu, daktari alisema, mwangalifu, hakusema sauti itabaki, na kwaya ataianzishia nani nyimbo, Stella yuko nje kwenye benchi na shangazi yake, wifi Paulina, aliyesema asubuhi, mwenye imani hamezi dawa ya woga, wewe mtoto wa katekista, baba yako aliingia kupasuliwa anaimba, ndiyo, aliimba, kijiji kizima cha Nanganga kinajua, mzee Bartholomayo na ngiri yake, wimbo mpaka mlangoni... kipimo kinabana mkono, kinabana, na kule kubana kwingine, kwa zamani, mkono wa baba ukishika wake pembeni ya kitanda cha magurudumu, mbona hajawahi kumsimulia mtu, vidole vilimuuma mpaka akataka kulia, baba akitetemeka chini ya shuka, anaimba meno yanagongana, akikosea ubeti anarudia uleule, hakuwa... kumbe baba aliogopa! aliogopa na aliimba, vyote pamoja, na wao nyumbani wakachukua wimbo peke yake, hofu wakamwachia azikwe nayo, "Bado iko juu," nesi anasema, Ethel akafumbua kiganja, kidonge kimeacha unga mweupe kwenye mistari ya mkono, "Naogopa," akasema, neno likatoka kwa sauti yake ileile ya kanisani, pana, likafika mpaka kitanda cha pili, wala hakuona haya, "naogopa tangu jana, mwanangu," "Hata mimi ningeogopa, mama," Wema akajibu, nje mtu anakohoa, Paulina huyo, na akohoe, "Haya, nipe maji kidogo."